Suruali ya Wastani

Mwaka ule wa ugonjwa, fundi alikuwa anashona barakoa na kuzitukana. Alizishona kwa mkono wa mtu anayejua kazi, mishono midogo iliyonyooka kama maandishi ya chapa, na huku anashona alizitukana moja moja kwa jina alilozipa mwenyewe: chupi za mdomo.

"Usiseme hivyo mbele ya wateja," mkewe alimwambia.

"Nisemeje? Ina lastiki, inafunika panapostahili kufunikwa, na wapo wanaoivaa wiki nzima bila kuifua."

Wateja walimwita Mzee Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake. Alikula nayo, alilala nayo mchana, na mkewe anaapa kwamba hata siku ya harusi yao ilikuwa chini ya koti. Alikuwa fundi wa suti. Si fundi wa kukunja pindo na kubadilisha zipu. Wa suti, wa zama ambazo mwanamume akitaka kuoa alianza kwa fundi, ndipo akaenda kwa baba mkwe. Mtu alisimama wima, akavuta tumbo ndani, akashika pumzi, na fundi akasubiri mpaka pumzi ikaisha na tumbo likarudi mahali pake. Hapo ndipo alipopima. Koti lililotoka mikononi mwake ama mtu alizikwa nalo ama mwanawe alilirithi, na halikuwahi kudondosha kifungo.

Kisha yakaja marobota ya nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu wengine, na mafundi wakawa watu wa kupunguza na kuongeza. Wakaja vijana na suruali mpya zilizochanwa magotini tangu kiwandani, wakitaka fundi azichane zaidi kidogo upande wa kushoto. Alizichana. Mtu lazima ale. Mwisho ukaja ugonjwa, harusi zikazuiwa, watu wakaanza kusalimiana kwa viwiko kama kuku wanaogombea nafasi, na fundi wa suti akawa anashonea pua.

Lakini hakukubali kushona kwa kukisia. Kila aliyekuja alipimwa, kutoka sikio hadi sikio, kutoka mfupa wa pua hadi kidevuni, na kwa kuwa serikali ilisema watu wasikaribiane, fundi alipima mikono ikiwa imenyooka na uso ameugeuzia pembeni, kama mtu anayemnyoa simba.

"Fundi, ni barakoa tu," mama mmoja muuza nyanya alimwambia.

"Na wewe ni mtu tu, mama, lakini pua yako si ya mwenzako. Tulia."

Cherehani chake, kile cha miguu, cha chuma, kilikaa barazani chini ya dirisha la mjukuu wake. Kilikaa hapo kwa sababu ya mwanga. Baadaye kikawa kinakaa hapo kwa sababu nyingine, na ndiyo tunayoisimulia.

Mjukuu huyo alikuwa amelelewa na babu na bibi tangu hajaota meno, maana mama yake alifanya kazi mbali, na sasa barabara zilikuwa zimefungwa. Alikuwa wa kwanza katika ukoo mzima kuingia chuo kikuu. Alikwenda kusoma takwimu, elimu ambayo babu yake alidhani ni ya kuhesabu watu mpaka waishe. Siku alipopata nafasi, babu alimbatiza jina jipya, Profesa, na tangu hapo hakuna aliyeondoka barazani pale na nguo yake kabla ya kusikia habari za Profesa. Waliokuja kuchukua sketi waliambiwa. Waliokuja kuuliza njia waliambiwa.

Vyuo vilipofungwa, Profesa alirudi nyumbani na begi na kompyuta, ikasemwa atasomea humo humo ndani. Wiki za kwanza alikaa kwenye ngazi ya baraza, akamtania babu yake, akala sahani yake na nusu ya bibi yake. Kisha akawa anatoka jioni tu. Kisha akawa hatoki. Mlango ukafungwa mchana kweupe. Zamani mlango ukifungwa mchana majirani walikuja kuuliza nani kafa. Siku hizi mtu anajifungia mwezi na wenzake wanapita wanasema ana shughuli.

"Hodi," bibi alisema na sinia mkononi.

"Niko darasani," ilijibu sauti ya ndani.

Ikawa hivyo asubuhi, ikawa hivyo mchana. Sinia liliingia limejaa, likatoka limejaa. Kijana alikuwa anazama, na nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole ili isimsumbue katika kuzama kwake.

"Mume wangu hali," bibi alimwambia fundi. Ndivyo alivyomwita mjukuu wake tangu utotoni, kama mabibi wote.

"Mume wako ni mimi, na mimi nakula."

"Wewe unakula cha watu wawili. Namsemea yule mwingine. Nina wasiwasi anaumwa."

"Anasoma. Elimu inakata hamu ya chakula. Umewahi kuona msomi mnene?"

"Waziri."

"Huyo aliacha kusoma."

Bibi hakucheka. Alilitazama sinia, akaurudisha wali jikoni, na fundi akarudi kwenye cherehani, kwa sababu dirishani somo lilikuwa linaanza.

Hilo ndilo jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Fundi aliacha shule akiwa mdogo, akajifunza kusoma kwa magazeti ya zamani ambayo mafundi hukatia vielelezo vya mikono na kola. Alijua habari nyingi za dunia, lakini zote zilikuwa zimekatwa kwapani. Alijua vita ilivyoanza asijue nani alishinda. Alijua mfalme fulani aliugua ghafla, na hapo ndipo mkasi ulipopita. Na sasa, katika uzee wake, sauti ya mwalimu wa chuo kikuu ilimwagika dirishani bure, nzima, haijakatwa popote. Akawa anakanyaga cherehani polepole ili kisipige kelele. Barakoa za siku hizo zilichelewa sana.

"Habari za asubuhi, wanafunzi," mwalimu alianza.

Ilikuwa alasiri. Fundi alitikisa kichwa. Msomi mzima hajui jua liko wapi.

"Leo tunaangalia wastani na udhaifu wake. Chukueni vipimo vya wanaume wote wa mji, mvijumlishe, mvigawanye, halafu mshone suruali moja ya wastani. Suruali hiyo itamkaa nani?" Hapo mwalimu alikohoa, kikohozi kikavu, mara mbili. "Nani ana jibu? Hakuna? Haya, tuendelee."

Fundi aliinua mguu kwenye kanyagio. Hilo lilikuwa swali lake. Chuo kikuu kilikuwa kimeshuka mpaka barazani kwake kumuuliza kuhusu suruali, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyefungua mdomo.

Kesho yake mwalimu aliuliza tena. Keshokutwa vilevile. Wastani, suruali, kikohozi, hakuna, tuendelee. Mtu mwingine angeshuku. Fundi alifurahi. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wao, neno moja likirudiwa mpaka liingie kwenye mfupa, kabla hawajaja walimu wa kuruka kutoka jambo hadi jambo kama panzi. Kumbe chuo kikuu ndipo desturi ile nzuri ilipokimbilia kujificha.

"Ndiyo maana wanakaa miaka yote ile," alimweleza mkewe. "Somo moja ni mwezi."

Akalihifadhi somo lote. Akaanza kulitumia.

"Bega lako la kulia, bwana, lina mkengeuko sanifu."

"Mama yako ndiye ana mkengeuko," mteja alijibu.

"Si tusi hilo, ni hesabu za chuo kikuu. Kwa mjukuu wangu. Nani kwenu anasoma chuo kikuu?"

Ndani, nyuma ya dirisha, somo lilikuwa limezimwa ghafla. Fundi alidhani ni mapumziko.

Aliyeleta matata ni bibi. Siku moja alikuwa anapepeta mchele barazani, mwalimu akafika kwenye suruali, akakohoa. Bibi aliuweka ungo chini.

"Huyo mtu anakohoa tangu wiki ile."

"Kidogo tu. Mara mbili."

"Mara mbili kila siku, kikohozi kile kile, hakizidi wala hakipungui. Mwalimu ana ugonjwa huyo, na mume wangu amefungiwa naye chumbani. Ndiyo maana mtoto hali."

"Mwanamke, ugonjwa haupiti kwenye waya."

"Umeme unapitaje?"

Kwa kweli umeme ulikuwa unapita. Fundi alitafuta katika magazeti yote aliyowahi kukata, hakukumbuka penye jibu. Na tukiri kwamba moyoni mwake kulikuwa na jambo lingine pia: alikuwa anatafuta sababu ya kuingia chumba kile, asimame mbele ya mwalimu, amjibu lile swali la suruali.

Akashona barakoa ya kompyuta.

Hakuwahi kushona kitu kwa uangalifu namna ile tangu harusi zizuiwe. Aliikadiria kwa jicho kupitia mwanya wa dirisha ulioonyesha mgongo wa kompyuta tu, akaiwekea kitambaa tabaka mbili, akaiwekea lastiki pembe zote ishike vizuri kwenye kona, na mbele akaweka mpasuo mdogo wa kupitishia sauti, maana alikuwa mtu mwenye adabu na hakutaka kumziba mwalimu katikati ya neno. Mkewe aliikagua, akaivuta lastiki, akaridhika.

"Hodi," fundi alisema mlangoni.

"Niko darasani."

"Najua. Nimemletea mwalimu barakoa."

Ndani sauti ya mwalimu iliendelea. "Umemletea nini, Babu?"

"Barakoa. Anakohoa. Bibi yako ana wasiwasi, na mimi nina jibu la suruali."

Alisubiri aambiwe karibu. Maisha yake yote hakuwahi kuvuka kizingiti bila neno hilo, hata cha mwanawe, hata cha choo. Karibu haikuja. Kilichokuja ni sauti ndogo, kama ya mtu anayevuta makamasi, na haikutoka upande wa mezani, ilitoka chini. Fundi akasukuma mlango.

Kompyuta ilikuwa mezani inaongea na kiti kitupu. Hewa ilikuwa nzito kama ya kabati la koti la marehemu. Kitandani hapakuwa na mtu. Fundi, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kumsalimia kwanza mgeni, alisimama wima mbele ya kioo cha kompyuta, akasawazisha futi shingoni.

"Mwalimu, samahani kwa kuingilia. Mimi ni babu yake."

"Suruali hiyo itamkaa nani?" mwalimu aliuliza, akakohoa. "Nani ana jibu?"

"Haimkai mtu," fundi alisema. "Itambana mnene, itamvuka mwembamba, na huyo wa katikati hayupo. Nimeshona miaka mingi sijawahi kumpima."

"Hakuna?" mwalimu alisema. "Haya, tuendelee."

Fundi alibaki na barakoa mkononi. Hajawahi kudharauliwa namna ile na mtu aliyeng'ang'ania kuuliza.

"Babu, hakusikii."

Sauti ilitoka kwenye nafasi kati ya kitanda na ukuta. Kijana alikuwa amelala humo sakafuni, uso ukutani, nywele zimeota ovyo kama fagio la zamani.

"Ni kiziwi?"

"Hayupo. Ni somo la zamani, lilirekodiwa. Nalirudia tu."

"Yaani huyu mtu hayupo?"

"Hayupo."

"Na kikohozi?"

"Labda alishapona."

Fundi aliitazama kompyuta, akakitazama kiti, akamtazama mjukuu wake, akahesabu kama watu wa takwimu. "Kwa hiyo darasani yuko nani?"

"Hakuna mtu, Babu." Kijana hakugeuka. "Mwalimu ni mzima. Mimi ndiye siko sawa."

Fundi aliketi sakafuni. Magoti yake hayakuwa na makubaliano naye kuhusu jambo hilo, kwa hiyo alifika chini kwa kishindo, na bibi akaja mbio kutoka jikoni na mwiko.

"Mmeanguka wangapi?"

"Keti," fundi alimwambia. "Au usiketi, maana mmoja wetu lazima aweze kuinuka."

Kijana akaanza kusema, kwa ukuta, kwa sababu ukuta ulikuwa karibu. Kwanza bando liliisha siku moja, akakosa somo. Kesho yake akaona haya kuingia bila kuelewa la jana. La keshokutwa likawa gumu zaidi. Wenzake wakanyamaza kwenye simu, mmoja mmoja, na yeye akanyamaza pia. Akawa halali. Akilala anaamka amechoka kuliko alivyolala. Somo lile moja lilibaki kwenye kompyuta, akawa analifungua ili nyumba isikie na imwache.

"Sisi zamani," fundi alianza. Hotuba ilikuwa tayari, ameikunja na kuipiga pasi miaka mingi: jinsi walivyoshona kwa taa ya mafuta, jinsi hakuna aliyesema amechoka. Akaona mgongo wa mjukuu wake unajikunja, unasogea karibu zaidi na ukuta. Akaifunga hotuba. Haikuwa ya vipimo vya mtu huyu.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza badala yake.

"Nitasemaje? Kila anayekuja kushona unamwambia habari za Profesa. Nikiwa humu nasikia. Nikisikia natamani kuingia chini ya kitanda."

"Uliingia?"

"Sikuenea."

"Nilimwambia seremala kitanda kimekaa chini mno," fundi alisema, kwa sababu ilibidi aseme kitu. Bega la kijana likatikisika. Lilitikisika kidogo tu, na haikujulikana kama ni kicheko ama ni kile kingine.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, mwiko mapajani. Aliuliza swali ambalo fundi hakuwa na ujasiri wa kulishika hata kwa koleo. "Mume wangu, unataka kufa?"

Mwalimu wa mezani alieleza mtawanyiko wa vipimo peke yake. Hakuna aliyemzima.

"Sijui, Bibi. Siku nyingine natamani tu kutokuwepo."

"Sawa," bibi alisema, na mkono wake ukaenda kichwani mwa mjukuu, kwenye lile fagio, ukakaa humo. "Sasa tunajua. Tutafanyaje?"

Kijana alisema chuoni kuna mshauri wa wanafunzi, namba walishatumiwa wote, mtu anapiga anaongea naye. Aliihifadhi siku ya kwanza.

"Basi si upige."

"Nipige saa ngapi, Babu? Wewe uko dirishani tangu asubuhi mpaka jua linazama."

Fundi alifikiri kuhusu hilo akiwa chini pale pale. Alifikiri muda mrefu, kwanza kwa sababu lilikuwa jambo zito, pili kwa sababu hakuweza kuinuka. Mwishowe kijana mwenyewe alitoka kwenye nafasi yake, akamshika kwapa, akamwinua, na walipokuwa wote wima fundi akasema:

"Njoo unishikie upande mmoja."

Walikibeba cherehani. Kijana alishika upande mzito wa chuma, akatoka nje mara ya kwanza katika mwezi, amefumba macho kwa jua kama kifaranga, na bibi akatangulia akiondoa ndoo njiani. Walizunguka nyumba yote mpaka nyuma, kwenye banda la kuku, mahali ambapo hata mtu akipiga kelele barazani hasikiki. Mwanga ulikuwa mbovu. Harufu ilikuwa mbovu zaidi. Jogoo alipanda juu ya mashine, akaitazama kazi ya fundi kwa jicho moja, akaacha maoni yake juu ya barakoa ya juu kabisa.

"Hapa utashonaje?" bibi aliuliza.

"Vibaya."

Alasiri ile kijana alifunga mlango wake akapiga simu. Bibi alichukua ufagio, akagundua kwamba baraza ni chafu sana, hasa chini ya dirisha. Fundi alimshika upindo wa nguo.

"Kaa hapa."

"Nafagia tu."

"Kaa hapa. Mimi niliyekuwa mwanafunzi wa dirisha lile nimekaa, nawe kaa."

Wakakaa wote wawili juu ya ndoo zilizopinduliwa, wamegeuzia nyumba mgongo, kama watu waliofukuzwa kwao. Simu ilichukua muda. Fundi alishona barakoa yenye lastiki upande mmoja tu, akaifumua, akaishona tena ikawa vilevile. Hakusikia neno hata moja, na hajawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Kijana alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Aliomba chai, akasema atapiga tena siku atakayoambiwa, hakusema zaidi. Hakuulizwa. Alikunywa chai, akala nusu ya kilichokuwa sahanini, na bibi akakirudisha jikoni kilichobaki.

Hakupona kesho yake. Zipo siku mlango ulifungwa tena, na siku hizo bibi aligonga tu, akaingia, akaketi humo akichambua mchele kimya. Zipo siku kijana alikuja bandani akashona lastiki, vibaya, na babu yake akazifumua kijana akishaondoka.

Wiki moja hivi baadaye yule mama muuza nyanya alikuja kuchukua barakoa za wenzake wa sokoni. Alimtafuta fundi barazani, akaita, akazunguka nyumba mpaka akaisikia sauti ya cherehani, akakanyaga pasipofaa.

"Fundi, umehamia kwa kuku?"

"Nimehamia."

"Mwanga wote ule umeuachia nani? Na Profesa hajambo? Anaendelea na masomo?"

Fundi alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Jibu lilikuwa mdomoni, lile la siku zote, refu, lenye chuo kikuu ndani yake. Akalimeza.

"Anaumwa," alisema. "Si ule ugonjwa. Moyo wake umechoka, halali, hali. Kuna mtu anaongea naye kwa simu, na mimi niko hapa ili nisimsikilize."

Mama muuza nyanya aliweka kikapu chini. Alivuta barakoa yake mpaka kidevuni, akaketi kwenye ndoo ya bibi.

"Wangu yuko mwaka wa pili," alisema. "Nawaambia watu analala sana. Hafungui mlango, Fundi. Nikimuuliza anasema ana kazi ya chuo."

"Nani anakaa dirishani kwake?"

Mama alifikiri. "Mimi. Meza yangu ya nyanya iko pale, pana kivuli."

"Basi hamisha nyanya," fundi alisema, akamkabidhi barakoa zake.